Kiti cha Kerrow katika Pikapu ya Arbia

Kila asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo wa gari, Kerrow Billow alipima nafasi kwa vidole. Alivibana pamoja vidole vinne vya mkono wa kulia, akavipitisha polepole kati ya tumbo lake na usukani. Vinne vikipita bila kugusa shati wala chuma, alisema bismillahi na kuwasha. Vikipita vitatu, alinung'unika kwamba hilo si gari, ni nguo ya kuazima. Vikipita viwili alishuka, akafunga mlango taratibu, akamwambia mwenye gari, "Huu ni mwanandani wa kaburi, ndugu yangu, na siku yangu haijafika."

Garissa nzima ilimjua kwa vidole hivyo. Mtu akitaka kununua lori au pikapu, alituma Kerrow aitwe aje akalie kwanza. Mafundi walitazama injini, wenye mali walitazama magurudumu, Kerrow alitazama mahali pa mtu. "Injini ikifa unateremka na kuitengeneza," alikuwa akisema. "Kiti kibaya kinakuua wewe, injini inabaki nzima." Na kwa kuwa hakukuwa na mwanamume mkubwa kama yeye kutoka mtoni hadi Wajir, watu waliamini kwamba gari likimtosha Kerrow litamtosha yeyote aliyezaliwa na mwanamke.

Ukubwa huo alizaliwa nao. Baba yake, mfugaji wa ngamia wa upande wa Tarbaj, alikuwa hivyo hivyo, na jua lilipokuwa kali watoto walimfuata ili watembee kwenye kivuli chake. Kerrow alipokuwa kijana, wenzake walimpandisha kwa mzaha kwenye mzani wa kupimia ngozi sokoni. Sindano ilifika mwisho wake ikakataa kuendelea. Wote wakaangua kicheko. Kerrow akateremka, akajipangusa mikono, akasema, "Mwambieni mwenye mzani anunue mwingine." Hivyo ndivyo alivyoishi na mwili wake kwa miaka arobaini: hakuuficha, hakuuombea radhi.

Alianza kama utingo, akawa dereva wa malori ya sukari na ngozi, akaijua kila njia ya mchanga kati ya Garissa na Wajir. Kisha uhuru ukaja, na kabla mwezi wenyewe haujaisha, hali ya hatari ikaja nyuma yake. Njia zikawa na wenye bunduki wa vichakani na wenye bunduki wa serikali, na dereva akawa mtu wa kuulizwa maswali na pande zote mbili. Kwenye vizuizi, amri ilikuwa moja: shuka, mikono juu.

Hapo ndipo Kerrow alipojifunza kipimo chake cha pili. Kwa kawaida mtu wa umbo lake hushuka garini kinyumenyume. Hugeuka, hushika ukingo wa paa, hutanguliza makalio, na miguu hutafuta ardhi yenyewe. Siku moja, kwenye kizuizi kimoja, alishuka hivyo kama alivyoshuka maisha yake yote. Askari kijana akaona mgongo mpana umemjia na mikono haionekani. Kerrow alisikia bunduki ikikokiwa. Alibaki amening'inia, mguu mmoja hewani, akisoma shahada, hadi askari mzee alipopiga kelele, "Mwache! Huyo ni mnene tu!" Tangu siku hiyo alisema kabini nzuri ni ile ambayo mtu mkubwa aweza kutoka akiwa ametanguliza uso, na viganja vyake vinaonekana.

Lakini jambo lililomkalia moyoni lilitokea katikati ya mwaka wa sitini na sita.

Wakati huo alikuwa akiendesha lori la rafiki yake Jelle, na Jelle mwenyewe alizoea kusafiri naye. Siku hiyo walipewa askari wa kuwasindikiza, naye alitakiwa kukaa ndani ya kabini. Watatu hawakuenea. Walijaribu, wakabanana, askari akalalamika kwamba bunduki yake haina pa kuwekwa. Jelle, ambaye alikuwa mwembamba kama fimbo ya kuchungia, akacheka. "Waryaa Kerrow, panda juu ya mizigo! Leo naendesha mimi, watu wapate hewa." Kerrow akapanda, akalala juu ya magunia ya mchele. Adhuhuri, gurudumu la mbele la kulia lilikanyaga bomu lililotegwa mchangani. Askari alivunjika mkono. Kerrow alirushwa kwenye kichaka cha miiba. Jelle, ambaye chini ya miguu yake kulikuwa na bati tupu, hakufika jioni.

"Tumbo la Kerrow limemwokoa," watu walisema. Wengine walisema ili kumfariji, wengine kwa mzaha, na kwake maneno yote mawili yalikuwa na uchungu sawa.

Baada ya ajali hiyo na nyingine kama hiyo, ilitolewa amri: kila gari la msafara liwe na safu mbili za mifuko ya mchanga chini ya miguu ya dereva. Kerrow aliisikia amri hiyo kama mtu asikiavyo habari za nchi ya mbali. Hakuwa na gari. Lori lilikuwa mifupa kando ya njia. Kwa miezi minane alishinda mkahawani, na kila asubuhi, kabla ya chai, alipitisha vidole vinne kati ya tumbo lake na meza.

Arbia, mjane wa Jelle, alimaliza eda yake, akakaa kimya miezi kadhaa, kisha akauza ngamia wake tisa. Siku hizo ngamia walikuwa wakichukuliwa na serikali kwa makosa ya watu wengine. Mtu aliweza kulala tajiri akaamka akiwa na kamba za kufungia tu. Arbia hakuwa mtu wa kuuliza maswali wala ushauri. Alimwita kaka yake Alio, dalali wa mifugo, akamwambia, "Nataka pikapu. Itapeleka sukari na majani ya chai Wajir, italeta ngozi. Kerrow ataiendesha."

Mwuzaji alikuja na msafara kutoka Thika akiwa na pikapu tatu kuukuu, akazipanga uwanjani karibu na soko la mifugo: ya buluu, ya kijivu, na ya rangi ya maziwa. Watu wakakusanyika kama penye mchezo, maana Kerrow alikuwa anakuja kukalia.

Madalali wa mifugo wa Garissa wana namna yao ya kuzungumza bei. Hushikana mikono chini ya shuka na kuminyana vidole, ili watu wanaowazunguka waone nyuso tu. Kerrow na Alio walikuwa wamekubaliana kutumia namna hiyo hiyo kwa viti: kidole kimoja ni kibaya, vinne ni kizuri, mwuzaji asijue kitu.

Kerrow aliingia kwanza katika ile ya buluu. Mlango wake ulifunguka nusu ukagoma, akapenya ubavuubavu huku watu wakihesabu kwa sauti. Fimbo ya gia ilikuwa imesimama sakafuni, na paja lake la kushoto lililala juu yake lote. Akajaribu gia ya tatu, akajipiga goti. Mpini wa kuteremshia kioo ukamchoma paja la kulia.

"Mzee, gari hii ni ya kubeba mzigo!" mwuzaji akapiga kelele. "Si ya kubeba wewe!"

"Na huo mzigo utajiendesha?" Kerrow akajibu kutoka ndani.

Akatoka, akashikana mkono na Alio chini ya shuka, akaminya vidole viwili. Nyuso zao zilikuwa tulivu kama za watu wanaosalimiana msibani.

Ile ya kijivu ilikuwa na kiti kipana na laini. Kerrow alizama ndani yake akatabasamu, na watu wakadhani imepita. Lakini alikaa. Hukumu yake haikuwa ya haraka. Alikuwa akikaa mpaka jasho litoke, maana kiti, alisema, husema uongo dakika kumi za kwanza. Baada ya muda alianza kujisogeza. Kofia yake iligusa paa, akalazimika kuinamisha shingo kama mtu anayekemewa. Springi mbili zilikuwa zimechoka upande mmoja. "Maili hamsini tu," alimwambia mwuzaji, "na hiki kiti chako kitaanza kuniuliza jina la babu yangu." Chini ya shuka, vidole vitatu.

Ya rangi ya maziwa aliiona nzuri hata kabla ya kuketi. Mlango ulifunguka wote hadi ukaelekea boneti. Fimbo ya gia ilikuwa juu, kwenye shina la usukani, miguu ikabaki na uwanja wake. Dashibodi haikuwa na tumbo. Kiti kilikuwa kigumu, na Kerrow alipenda kiti kigumu. Akakaa, akatoka jasho, akageuza usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, akapitisha vidole. Vinne. Kisha akatanguliza mguu mmoja, akatoa uso, akatoa mikono miwili juu, akasimama mchangani. Watu wakapiga vigelegele.

"Mbona unashuka kama umekamatwa?" mwuzaji akauliza.

"Huku kwetu ndivyo tunavyoshuka," Kerrow akamwambia.

Alio akaminywa vidole vyote vinne kwa nguvu hata akauma meno. Arbia, aliyekuwa amesimama mbali kidogo na wanaume, akaitikia kwa kichwa mara moja, na pikapu ikawa yake.

Kosa lilionekana kesho yake. Na lilikuwa kosa la aibu, kwa sababu katika soko lile hakuna mtu mwenye akili anayenunua ngamia wa mizigo bila kumpakia kwanza, kumlaza na kumwinua. Ngamia mtupu humdanganya kila mtu. Kerrow mwenyewe alikuwa amewakemea vijana wengi kwa jambo hilo. Naye alikuwa ameipima pikapu ikiwa tupu.

Walipanga mifuko ya mchanga, safu mbili, imara, kama amri ilivyotaka. Kerrow akapanda. Sakafu ilikuwa imeinuka shibiri nzima, na magoti yake yalikuja juu yakakutana na usukani. Alipougeuza, ukasugua mapaja ukakwama kabla hata ya kufika robo. Vidole havikuwa na pa kupita, hata kimoja.

Alio akazunguka gari mara mbili, akasema, "Ngamia tisa."

Siku hiyo hiyo, Jumatatu, ilikuwa siku ya ukaguzi wa msafara. Inspekta wa msafara alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye sare iliyopigwa pasi hadi kwenye soksi. Sheria yake ilikuwa fupi: dereva aketi, ageuze usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha akiamriwa ashuke mikono juu kabla ya hesabu ya kumi. Kerrow hakuweza kugeuza usukani. Alipoamriwa kushuka, hakuweza kutanguliza uso. Akageuka, akatoa mgongo, akashika ukingo wa paa. Inspekta alifika kumi, akaendelea kwa raha zake: kumi na moja, kumi na mbili. Kerrow aliigusa ardhi kwenye kumi na nne.

"Kwenye kizuizi, mzee, ungekuwa umekufa mara mbili," Inspekta akasema, na askari wake wakacheka. "Tafuta dereva mwembamba. Wamejaa mji huu. Nitakagua tena Alhamisi saa nne, basi. Isipopita, pikapu hii haitoki hapa mwaka huu. Na wewe, kama huna kazi ya barabarani, karatasi yako ya barabara inarudi kwangu. Utakaa kijijini na wenzako."

Kila mtu alijua kijiji alichokuwa akikisema. Kilikuwa na ua wa miiba na lango moja, na aliyeingia alitoka kwa ruhusa. Kwa hiyo hadi Alhamisi mambo mawili yalikuwa juu ya kiti kile: mali yote iliyobaki ya Arbia, na njia yote iliyobaki ya Kerrow.

Walikutana kivulini kwa nyumba ya Arbia. Alio alikuja na mashauri mawili tayari.

"Mchanga ni mzito na ni mgumu," akasema. "Tujaze mifuko majani makavu. Ukikanyaga inabonyea, magoti yanashuka. Inspekta ataona mifuko, hatafungua."

"Inspekta utamdanganya," Kerrow akasema. "Na bomu utalidanganya na nini?"

"Basi mwache Maalim aendeshe. Anajua gari, ni mwembamba, anaenea hata kwenye chupa."

Maalim alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani aliyewahi kuendesha gari la ndugu yake, mtu mpole, baba wa watoto watano. Kerrow alimtazama Alio, kisha akatazama chini kwa sababu Arbia alikuwa hapo.

"Jelle pia alienea," akasema.

Arbia alikuwa akichambua mchele kwenye sinia, na vidole vyake havikusimama.

Alio, ambaye hakuwa mtu mbaya bali mtu wa haraka, akatupa mikono. "Basi punguza kula!"

"Kwa siku tatu?"

"Jaribu!"

"Sikiliza, Alio. Mimi niliumbwa hivi. Gari limeundwa kiwandani na watu ambao hawajaniona. Kati yangu na gari, anayefunguka kwa spana ni mmoja tu." Akasimama, na kivuli chake kikaufunika mkeka. "Sitatia majani kwenye mifuko. Sitampandisha mtu mwingine mahali pangu ili niwapishe watu wapate hewa. Hiyo nimeifanya mara moja. Nitakaa mimi, juu ya mchanga wote, na usukani utazunguka."

Alikwenda moja kwa moja kwa Molu. Molu alikuwa Mborana kutoka Wajir, fundi wa vyuma aliyejua pia kusuka ngozi, na karakana yake ilikuwa bati nne na mti wa mgunga. Alimsikiliza Kerrow, akaitazama pikapu, akamtazama Kerrow.

"Kukupunguza wewe ingekuwa kazi rahisi," akasema. "Msumeno ninao."

"Anza na ulimi wako, basi."

Molu akacheka, akaingia kabini na kipande cha kamba, akaanza kupima. Alipima sakafu, kiti, usukani. Kisha akagonga egemeo la mgongo kwa ngumi, akasikiliza, akagonga tena. Akachukua kisu akachana kitambaa chake nyuma. Ndani kulikuwa na springi, katani na mbao. Egemeo peke yake lilikuwa na unene wa shibiri moja na vidole viwili, nyuma yake bati la kabini.

"Umelala juu ya godoro la mzungu," Molu akasema. "Hili likitoka, unarudi nyuma shibiri nzima. Ukirudi nyuma, miguu inanyooka. Ikinyooka, magoti yanashuka."

"Na mgongo nitauegemeza wapi? Kwenye bati? Saa sita mchana?"

Molu akafikiri. "Wewe nyumbani unalalia nini?"

Ndivyo ilivyotokea kwamba Qali, mke wa Kerrow, alirudi kutoka kisimani akamkuta mumewe amepiga magoti kando ya kitanda chao, akifungua zile kanda za ngozi ya ng'ombe zilizosukwa kutoka upande hadi upande.

"Kerrow! Umepatwa na nini?"

"Nahitaji ngozi iliyozoea uzito wangu."

Qali akaweka maji chini. Alimtazama mumewe akihangaika na fundo, akamsogeza kwa bega, akalifungua yeye kwa meno. "Chukua zote," akasema. "Na ukimaliza, ulale huko huko garini. Mimi nitatandika mkeka nipate nafasi kwa mara ya kwanza tangu unioe."

Siku ya kwanza kazi iliharibika. Molu alifunga fremu ya mti kwenye bati la nyuma kwa bolti nne, akazisuka kanda zikiwa mbichi kwa maji, na Kerrow, kwa pupa, akaegemea kabla hazijakauka. Zikanyooka zote. Akazama katikati yake hadi bati, akakwama, na ikabidi watu watatu wamvute kwa mikono. Habari ikafika mkahawani kabla yeye mwenyewe hajafika. "Tumesikia gari limekumeza!" walimwambia. "Limenitema," Kerrow akajibu, akaomba chai.

Jumatano kanda zilisukwa upya, zikavutwa, zikaachwa kwenye jua kutwa nzima pasipo mtu kuzigusa. Zilikauka zikawa ngumu, zinalia kama ngoma ukizipiga kidole, na upepo ulipita kati yake. Molu akafunga vipande vya mti juu ya pedali za klachi, breki na mafuta, ili mguu ulioinuliwa na mchanga uzipate. Mchanga haukupunguzwa hata konzi moja. Jua lilipokuwa linashuka, Kerrow alipanda, akaegemea, akageuza usukani. Ukazunguka wote. Molu akasema neno moja la Kiborana ambalo Kerrow hakulijua, lakini uso wake ulikuwa umelitafsiri.

Alhamisi saa nne uwanja ulijaa. Inspekta alikuja, akafungua mlango, akaona ngozi, akarudi nyuma hatua moja.

"Hii ni nini? Nani amekuruhusu kubadilisha kabini? Unajua watu huficha bunduki kwenye viti?"

Kerrow aliongea naye Kiswahili chake cha barabarani, kile cha kuwasemesha wenye sare, p zikitoka kama b na v kama f. "Afande, ile kiti ya kwanza ndiyo ilikuwa na tumbo. Bunduki tano unaweka, mtu haoni. Hii mimi nimetoa tumbo yote. Ingiza mkono. Toka hii mbaka ile. Ukibata kitu, nifunge."

Inspekta aliingiza mkono kati ya kanda. Uligusa bati. Akaupitisha juu, chini, pembeni, na kila mahali uligusa bati, na watu walioko nyuma waliweza kuuona mkono wake wote ukitembea, kama mkono wa mtu anayetafuta kitu kwenye dirisha. Akainama, akachoma kisu kwenye mfuko mmoja wa sakafuni. Mchanga ukamwagika juu ya kiatu chake kilichong'arishwa.

"Panda," akasema.

Kerrow akapanda. Usukani ukazunguka kulia hadi mwisho, ukazunguka kushoto hadi mwisho. Inspekta hakutoa onyo. "Shuka! Moja-mbili-tatu-nne—" Alihesabu kama mtu anayemwaga shanga. Mlango ukafunguka, mguu ukatoka, uso ukatoka, viganja viwili vikainuka juu ya paa. Miguu yote ilikuwa mchangani kwenye nane.

"Tena," Inspekta akasema.

Mara ya pili ilikuwa saba. Watu wakaanza kunong'ona.

"Tena!"

Mara ya tatu Kerrow alisimama kabla ya sita. Jasho lilimtiririka hadi kwenye ndevu, kifua kilipanda na kushuka, lakini mikono yake mikubwa ilikuwa imara hewani, na hakuishusha. "Afande," akauliza kwa adabu, "ya nne?"

Mtu mmoja nyuma akashindwa kuzuia kicheko, kisha uwanja wote. Inspekta hakucheka. Alichukua karatasi, akagonga muhuri mara mbili, mara ya pili kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaandika namba kwa kalamu nyekundu, akampa Kerrow huku akimtazama machoni.

"Msafara ni Jumamosi. Gari lako ni namba moja. Litatangulia."

Kicheko kilikatika. Kila aliyekuwa pale alijua gari la kwanza hutangulia kukanyaga nini. Molu alitazama mikono yake. Alio alipiga hatua mbele ili aseme neno, lakini Kerrow alikuwa ameshaikunja karatasi na kuitia mfukoni mwa shati.

"Namba moja ni fizuri," akasema. "Mbele hakuna fumbi."

Jumamosi asubuhi walipakia sukari na majani ya chai, wakafunga turubai. Magari kumi na moja yalipangwa nyuma ya pikapu ya rangi ya maziwa, na madereva wake walikuja mmoja mmoja kumpa Kerrow mkono kupitia dirishani, bila maneno mengi. Wa mwisho kuja alikuwa Arbia. Alifungua mlango mwenyewe. Akainama, akaibonyeza mifuko ya mchanga kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine, safu ya juu kisha ya chini, mpaka akaridhika kwamba ndani hamna kingine ila mchanga. Kisha akajinyoosha, akajifunga vizuri shuka yake, akamtazama rafiki wa mumewe akiwa ameegemea ngozi ya kitanda chake, miguu imenyooka, usukani mikononi.

Askari wa msafara alipuliza filimbi ya kwanza.

"Kerrow," Arbia akasema, "unaogopa?"

"Naogopa," Kerrow akasema. "Lakini nimekaa vizuri."